Barua kwa mwanangu: Raj Kapoor na mtoto wa mwizi

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykumu ssalaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema chuoni mmepangiwa kumsoma Raj Kapoor, yule mwigizaji na mwongozaji wa filamu za Kihindi, na unataka kujua kwa nini sisi watu wazima wa Unguja tukimtaja utadhani ni jirani yetu, na kama kweli kuna jambo linalorudi katika filamu zake au ni nyimbo na machozi tu.

Jambo lipo, na ni moja. Kila mara anauliza aliyeharibika kaharibiwa na nani.

Anza na Awaara ya mwaka 1951, usianze na nyengine. Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo anamhukumu Jagga kwa kosa asilolitenda, kwa sababu tu babake alikuwa mhalifu. Jagga anatoka jela jambazi wa kweli. Anamteka Leela, mke wa jaji, na akishajua kuwa ni mja mzito anamwachia makusudi, ili mume aingie shaka. Shaka ikamwingia. Leela akafukuzwa na mimba yake, mtoto, naye kwenye filamu anaitwa Raj na ukubwani anaigizwa na Raj Kapoor mwenyewe, akakulia kwenye vibanda vya Bombay, akaiba mkate kwa ajili ya mama mgonjwa, na mlezi wake katika wizi akawa Jagga yule yule. Basi mwana wa jaji ndiye mwizi.

Ulitaka kujua kwa nini tulikuwa tunalia hali ya kuwa Kihindi hatukijui. Pale Majestic, Vuga, wanawake tulikuwa na maonyesho yetu wenyewe. Mwanamke kutolewa nyumbani kwa dhana tu, bila ya kuulizwa wala kusikilizwa, halikuwa jambo la kutafsiriwa. Kila mtaa ulikuwa na Leela wake. Waandishi wengi hushughulika na Raj na ule mwendo wake alioupata kwa Charlie Chaplin, na ni kweli, lakini sisi tulikuwa tunamtazama Leela.

Kisha iangalie mahakama kwa utulivu, pale Raj anaposhitakiwa kwa kutaka kumuua jaji. Rita, anayeigizwa na Nargis, ni wakili kijana aliyelelewa na jaji mwenyewe, na sasa anamtetea Raj na kumsimamisha jaji ajibu maswali mbele ya watu. Anayeigiza jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Mtazame uso anavyoanza kwa ukali, halafu macho yakawa hayana pa kutua. Raj anahukumiwa kifungo cha miaka 3. Hakusamehewa, na hilo nalipenda sana: kuonewa kwake hakukufuta alilolifanya.

Shree 420 ya mwaka 1955 ni swali hilo hilo mjini. Kijana msomi anaingia Bombay na nishani ya uaminifu, njaa inamfanya aiweke rehani, na punde anawasaidia matajiri kuwalaghai maskini kwa ahadi ya nyumba za rupia 100. Babako anaiweka filamu hii juu ya zote. Mimi siiweki, ingawa ule wimbo wa mwavuli kwenye mvua sijauona mfano wake. Wale watoto 3 wanaopita na makoti ya mvua ni wanawe Raj wa kuwazaa.

Mera Naam Joker, 1970, ni ndefu kupita saa 4 na ilimtia hasarani. Bobby, 1973, ndiyo iliyomnyanyua. Ukifika Satyam Shivam Sundaram ya 1978, usiogope kuandika unachokiona: anadai kwamba uzuri wa mtu ni roho, huku kamera haibanduki mwilini mwa mwigizaji wake wa kike. Huko alijipinga mwenyewe, na mwanafunzi mzuri aseme hivyo, hata kama mwalimu anampenda.

Lakini usimuache hapo. Katika Prem Rog, 1982, anamrudia mwanamke aliyehukumiwa na jamaa zake. Ni mjane kijana ambaye mila inamkataza kuolewa tena, na anayemdhulumu ni shemeji yake, ndani ya nyumba ya heshima. Miaka 31 baada ya Leela, bado swali ni lile lile, ila safari hii wanaoshitakiwa ni ukoo mzima.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningeziweka Awaara na Prem Rog pamoja nikaandika juu ya hao wanawake wawili. Ukishaitazama hiyo ya pili nipigie, usiku baada ya isha, nikwambie pale ambapo naona alimwachia shujaa wa kiume kazi ambayo ilikuwa ya mjane mwenyewe.

Mamako