Kiungo cha picha au cha maandishi?

Dada yangu, umeuliza kama picha ya zabibu ya kubofya inatosha kuipeleka Google kwenye ukurasa wako wa bei, au uandike maneno. Andika maneno. Google hufuata viungo (link) vya aina zote mbili, ila kwenye picha husoma maandishi mbadala, yale maelezo ya picha yanayoandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa, sehemu ya alt, na kuyachukua kama maneno ya kiungo. Nimeangalia msimbo wa ukurasa wako: alt iko tupu kabisa! Jaza “bei ya zabibu za Dodoma kwa kilo”, basi, usirundike maneno mengine. Hata mteja wa Kongwa ambaye mtandao unamsumbua, picha isipofunguka atasoma hayo hayo. Picha usiitoe, inavutia kweli. Chini yake tu weka kiungo cha maandishi.