Usilipie jora la pamba kabla hujachoma uzi

Mtoa mada, simama hapo hapo. Umeuliza ununue pamba ipi kwa ajili ya vitambaa vya mikunjo ya kudumu vya Kijapani, mashine bei gani, na wateja uwapate wapi. Halafu umeandika, kana kwamba si kitu, kuwa umeshatoa advansi ya majora "kwa sababu pamba ni asilia". Hiyo asilia ndiyo iliyonila hela.

Mimi nilidanganywa na mwalimu mmoja wa kozi za mtandaoni. Alisema mbinu ni ile ile ya Arimatsu: funga kwa uzi, chemsha, fungua, uza. Kweli Arimatsu, kitongoji cha wafunga vitambaa kule Nagoya, Japani, ilianzishwa 1608 kando ya barabara ya Tokaido, wakawa wanawauzia wasafiri taulo za pamba zilizofungwa na kutiwa nili. Ila pale walitafuta michoro ya rangi. Mikunjo yenyewe kwa kawaida ilinyooshwa! Hivi vya kisasa vyenye vinundu vilivyosimama ni polista, uzi wa jamii ya plastiki. Mkono wa zamani, uzi wa kiwandani. Polista ikipata joto inalainika, ikipoa ikiwa bado imefungwa inabaki na umbo hilo. Pamba hailainiki hivyo. Ulichokunja kwa mvuke, maji yatakikunjua.

Nikashona sare za kamati ya sendofu kwa pamba iliyokunjwa na kupigwa stachi. Siku ya kujaribisha, vigelegele. Siku yenyewe mvua ikawakuta wanashuka kwenye Coaster. Gauni lililoishia magotini likateremka hadi kwenye vifundo vya miguu, jingine likafagia ukumbi. MC akatangaza kuwa kamati imeongeza bajeti ya kitambaa. Nikacheka na wenzangu, ningefanyaje? Nilirudisha hela ya kila mtu, pamoja na ya shangazi mmoja aliyesema lake limemkaa vizuri zaidi baada ya mvua.

Nilipomwandikia mwalimu, akajibu "kila kitambaa kina roho yake". Na kodi ya fremu yangu, ina roho ya nani?

Issey Miyake mwenyewe, yule mbunifu wa mavazi wa Kijapani, kwenye zile nguo zake za mikunjo za Pleats Please zilizoanza 1993, alitumia polista: nguo inakatwa na kushonwa ikiwa kubwa mara mbili au tatu ya saizi, ndipo inabanwa katikati ya karatasi na kuingia kwenye mashine ya joto. Reiko Sudo wa Nuno, kampuni ya vitambaa ya huko huko Japani, kitambaa chake cha mikunjo ya origami, ile sanaa ya kukunja karatasi, polista vilevile. Wajapani wote hao walikosa pamba?

Sasa sikia. CHOMA UZI. Chomoa nyuzi chache, shika kwa kibanio, washa kiberiti. Ikiacha majivu mepesi yenye harufu ya karatasi, achana nayo. Ikijikunyata, ikayeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ndiyo. Ikifanya yote mawili ni mchanganyiko, nao utakusaliti polepole. Usimsikilize muuzaji, sikiliza kiberiti. Ukishavukiza, usifungue ingali ya moto. Ipoe kabisa ndani ya kamba zake. Na rangi zako za batiki, zile za kuchanganya na kostiki soda, hazishiki polista, usijaribu hata kidogo.

Mpigie huyo muuzaji leo akubadilishie kabla hajakata. Kama ameshakata, wauzie watu wa batiki, watayapenda. Ila stachi usiyaguse.