Maswali na Majibu: Kipi chetu, kipi cha kuja?

Barua za wiki hii zinazunguka jambo moja. Nimechagua nne.

Binti yangu anasema kanga si vazi letu, eti zinatoka India. Kweli? (Mama, Tandika)

Kitambaa, mara nyingi, ndiyo. Kanga zimechapwa Uingereza, Uholanzi, Japani, India, na hapa hapa Ubungo, kwenye kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Lakini muulize: huko India nani anavaa doti yenye pindo, mji na jina? Mchapaji wa ng'ambo alichapa maneno asiyoyaelewa. Walioamua lipi litoke dukani na lipi lidode ni wanawake wa pwani. Huyo binti alibebwa mgongoni kwa kanga, na siku ya harusi yake mashoga zako watamtandikia kanga chini apite. Avae tu.

Vijana wameacha ngoma zetu, sasa ni singeli na amapiano. Huu si utumwa wa masikio? (Mzee, Magomeni)

Shikamoo mzee wangu. Amapiano ni ya Afrika Kusini, hapo sibishi. Singeli ni ya hapa hapa. Imetoka kwenye mchiriku wa shughuli za uswahilini: ngoma, na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika mpaka kinalia kama kinachinjwa. Vijana wa Manzese na Tandale wakaongeza kasi hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na leo inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Nikiisikia usiku wa manane natamani umeme ukatike, lakini hiyo ni kesi ya kelele, si ya utamaduni.

Na hizo ngoma zetu, tuzitazame vizuri. Babu zetu hapa Dar walicheza beni. Ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za wazungu: tarumbeta, sare, gwaride, vyeo mpaka kingi. Ilipoingia huku, wachezaji wakagawanyika, huyu Marini, yule Arinoti, na ushindani ukawa si mchezo. Askari na makarani wakaibeba kwenda bara, ikavuka hadi Malawi na Zambia, na huko ikachangia kuzaa ngoma nyingine kama mganda na kalela. Utamu wake ni huu: mtu ambaye kazini anaitwa "boi", jioni ni jenerali. Gwaride la mkoloni lilipewa kazi ambayo mkoloni hakuituma. Nayo ililalamikiwa sana enzi zake, mzee, kama unavyolalamika sasa.

Chapati ni chakula cha Kitanzania? (Mwanafunzi, Mabibo)

Ukiifukuza kwa sababu ilikuja na Wahindi, fukuza na ugali: mahindi na muhogo asili yake Amerika. Utabaki na mtama na ulezi. Mimi yangu naila na maharage ya nazi (nazi nayo, usiniulize).

Nimekulia Ilala, tulijuana mtaa mzima. Nimejenga Goba, na jirani simjui hata jina. Watu wamebadilika? (Msomaji, Goba)

Anza na nyumba kabla ya kuwalaumu watu. Ile ya Ilala ina korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani wanakopika, na mbele baraza linalotazama njia. Wapangaji sita, choo kimoja. Utake usitake mtajuana. Goba umejenga ukuta, geti la chuma, choo chumbani. Ramani hiyo tuliiona Oysterbay, mtaa ambao wakoloni waliutenga kwa wazungu, kila nyumba na bustani yake. Uhuru ulipokuja wakubwa wetu wakahamia humo, na sisi wengine tukaanza kuiota.

Hata Kariakoo mabaraza mengi yamegeuzwa fremu za maduka. Wenye baraza hawakwenda kulala, walihamia kijiweni: muuza kahawa na birika lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe, kashata pembeni, na drafti ya visoda, huyu vyake chali, yule vyake kifudifudi, watazamaji wakicheza kwa midomo kuliko wachezaji.

Weka benchi nje ya geti, penye kivuli. Muuza kahawa ataliona mwenyewe, na ubao wa drafti hutaununua wewe.