Maswali ya Wasomaji: Gazeti la Leipzig lililosomwa na nyumba nzima

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mwanangu anayesoma Leipzig, Ujerumani, amenitumia picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti kongwe la burudani la mji huo, Die Gartenlaube, wenye mchoro wa familia iliyoizunguka meza katika kibanda cha bustani. Naomba kujua gazeti hilo lilianzaje, na kilichowafanya watu walipende ni nini.
Mama, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mama yetu. Mwanzilishi wake ni Ernst Keil, mchapishaji wa Leipzig, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya vitabu Ujerumani katika karne ya 19. Baada ya mapinduzi ya Ujerumani ya 1848 kushindwa, watawala waliyabana magazeti, na Keil akafungwa kwa yale aliyoyachapisha katika gazeti lake la siasa. Humo gerezani ndimo alimopanga gazeti jipya la kila wiki, lenye picha, hadithi na makala za elimu, ambalo wazee na vijana wangeweza kulisoma pamoja bila ya kuoneana haya. Lilianza Januari 1853 kwa nakala 5,000 hivi. Kufikia 1875 zilikuwa 382,000, na kila nakala ilipita mikononi mwa watu kadhaa. Siasa haikutoweka kabisa, ndiyo maana Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, ililipiga marufuku kwa muda katika miaka ya 1860.

Kuhusu kupendwa kwake, mimi naweka mbele hadithi za mfululizo, na hasa za Eugenie John, mwanamke wa Arnstadt aliyeandika kwa jina la E. Marlitt. Alikuwa mwimbaji wa jukwaani hadi maradhi ya masikio yalipomkatiza kazi hiyo, ndipo akashika kalamu. Riwaya yake Goldelse ilitoka gazetini kwa vipande mwaka 1866. Kila wiki kisa kiliachwa njiani, na aliyetaka kujua yatakayomfika msichana wa riwaya hiyo hakuwa na budi kungojea toleo lijalo, hali wanayoijua vyema wote waliowahi kukutana na neno "itaendelea". Wahakiki wengi walimdharau kwa kuandika mapenzi, na naona hawakumtendea haki, kwani wasichana wa riwaya zake wana msimamo na hawakubali kudhalilishwa na wenye vyeo, na ni kwa ajili yao watu wengi walilipia gazeti.

Keil alifariki 1878. Gazeti likauzwa kwa mchapishaji Kröner wa Stuttgart mwaka 1884, kisha mwaka 1904 kwa August Scherl wa Berlin, likadumu hadi 1944, ingawa halikuwa tena na nguvu ya zama za Keil. Marlitt naye alifariki 1887, akiacha riwaya yake Das Eulenhaus haijakamilika. Mwandishi mwenzake wa gazeti hilo, W. Heimburg, ndiye aliyeimalizia, wasomaji wakaupata mwisho wake.