Pai ya Molasi ya Waamishi kwa Meza ya Siku ya Shukrani

Ukialikwa kwenye mlo wa Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwezi Novemba, hapa Pennsylvania na ukaombwa uje na kitindamlo, nakushauri uoke pai ya shoofly, na uioke siku moja kabla. Ni pai ya molasi, yaani shira nzito ya miwa, iliyofunikwa kwa chenga za unga, sukari na siagi, na katika kaunti ya Lancaster ninakoishi utaikuta kwa Waamishi (Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani), kwa Wamennonite (dhehebu la Kikristo lililo karibu nao), na kwa wazawa wengine wa walowezi wa Kijerumani. Msomaji wa mkoa wa Mara huenda tayari analifahamu jina la Lancaster, maana Wamennonite wa huku ndio waliofika Shirati, mkoani humo, kama wamisionari mwaka 1934. Mimi nilielekezwa pai hii na mama mmoja wa Kiamishi anayeuza mikate sokoni, na tangu hapo ndiyo ninayoipeleka kwenye mikusanyiko ya Novemba na ya Krismasi, ambako Watanzania na Wakongo hukaa meza moja na majirani Wamarekani.

Ili uioke vizuri, inafaa kwanza ujue imetoka kwenye hali gani. Waamishi walianza kuhamia Pennsylvania katika karne ya 18, wakitoka Uswisi na maeneo ya jirani yaliyozungumza Kijerumani, na kwa mkulima wa baridi kali ulikuwapo wakati ambapo matunda ya stoo yamekwisha na mapya hayajaiva. Kilichobaki ni unga, mafuta ya nguruwe na molasi, vitu visivyoharibika upesi, na pai ikaokwa kwa hivyo. Kwa sababu hiyo nawasihi wenzangu wasiipambe. Najua mkono wa mtu aliyelelewa pwani huifuata iliki bila kuambiwa, lakini iliki huifunika molasi, na molasi ndiyo pai yenyewe.

Kwa sahani ya pai yenye upana wa sentimita 23, ganda linahitaji gramu 155 za unga wa ngano, gramu 110 za siagi iliyotoka kwenye friji, chumvi kidogo na vijiko vitatu au vinne vya maji baridi sana. Ivunjevunje siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ibaki mapande madogo kama punje za choroko, kisha nyunyiza maji, ukusanye donge bila kulikanda, na ulipumzishe kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kulisukuma. Aliyezoea chapati ajizuie hapa, kwa kuwa ukandaji unaoipa chapati mvuto wake huligeuza ganda la pai kuwa gumu. Waamishi wengi hutumia mafuta ya nguruwe, na ganda lao huwa jepesi kweli. Kwenye karamu zetu wamo Waislamu, kwa hiyo mimi hutumia siagi, na anayenunua pai iliyookwa tayari namshauri aulize kwanza ganda limetengenezwa kwa mafuta gani.

Chenga ni rahisi: gramu 125 za unga, gramu 130 za sukari ya kahawia na gramu 30 za siagi, zikisuguliwa pamoja mpaka zifanane na mchanga wenye unyevu.

Umakini wako wote uuweke kwenye ujazo, yaani mchanganyiko wa molasi unaoingia ndani ya ganda. Chagua molasi laini, ya rangi ya kahawia, wala usichukue ile nyeusi tii inayobaki baada ya maji ya miwa kuchemshwa mara nyingi, kwa sababu uchungu wake hautoki. Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi asishawishike kutumia molasi inayouzwa kwa ajili ya mifugo. Ayeyushe sukari guru kwa maji kidogo mpaka iwe nzito, na aongeze kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Piga yai moja pamoja na mililita 240 za molasi. Washa oveni mapema ifike nyuzi 220 za Selsiasi, na sahani yenye ganda iwe tayari mezani, kwa maana hatua inayofuata haingoji. Chukua mililita 180 za maji yanayochemka, tia kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda, ile ya kuokea na si magadi ya kuchemshia maharage, kisha mimina kwenye molasi huku ukikoroga. Asidi ya molasi ikikutana na soda, hewa hutoka kwa wingi: utaona mchanganyiko ukipanda, rangi ikigeuka kutoka kahawia iliyokoza kuwa ya hudhurungi nyepesi yenye povu. Mimina kwenye ganda povu likiwa bado hai, tandaza chenga juu yake bila kuzikandamiza, na uingize ndani mara moja. Ukichelewa, hewa huisha na pai hukaa chini, nzito.

Baada ya dakika 12 punguza moto hadi nyuzi 175, uache kwa dakika nyingine 30 hivi. Joto la kwanza hukausha ganda lisilowe, na la pili huivisha ujazo taratibu. Pai iliyo tayari huwa imetuna katikati, na ukiitikisa hutetemeka kidogo tu.

Ukiikata ikiwa ya moto, molasi itatiririka. Ikipoa kabisa hujipanga yenyewe kwa tabaka: chini uji mzito unaonata, katikati keki laini, juu chenga kavu. Ndiyo sababu nasisitiza siku moja kabla, na pia kwa kuwa asubuhi ya sikukuu oveni hushikwa na bata mzinga kwa saa nyingi. Ibebe kwenye boksi lenye kitako bapa, ikate kwa kisu kilicholoweshwa maji ya moto, na uiandae na kahawa isiyo na sukari, kama Waamishi wanavyoila hata asubuhi. Itakayobaki iweke kwenye friji, kwa kuwa ina yai, na uipashe kidogo kabla ya kuila.