Subaru ni kilimia, kwa hiyo usichanganye tairi

Wengi hapa Mbeya wakisikia Subaru wanawaza ekzosi inayobweka usiku. Kumbe kwa Kijapani Subaru ni kilimia, kile kile ambacho wazee wetu walikipa jina kutokana na kulima, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Katikati ya Desemba, mawingu yakiachia, tazama kaskazini kama saa tano usiku. Utaona kishada cha nyota zilizobanana: sita kwa macho ya kawaida, saba kwa mwenye macho makali.

Nembo nayo ina nyota sita, kubwa moja kushoto na ndogo tano. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana na kiwanda cha zamani cha ndege cha Nakajima zilianzisha Fuji Heavy Industries, kisha zikamezwa humo. Nyota kubwa ni Fuji, ndogo ni zile tano. Jina la Subaru alilichagua rais wa Fuji, Kenji Kita, kwa gari lao la kwanza la mwaka 1954. Lina pia maana ya kukusanyika pamoja.

Na ukiwa na Subaru ya fo wili, huko kukusanyika kuchukulie kwa uzito, hasa kwenye tairi. Miguu yote minne inavuta kwa pamoja. Ukifunga mbili mpya mbele ukaacha vipara nyuma, tairi lililolika ni dogo, hivyo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule. Kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinapishana muda wote, kinapata moto, mwisho kinaungua. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za lami. Hapo hakipati nafuu hata kidogo, afadhali tope la Makete ambako tairi huteleza na kukipunguzia mzigo.

Kupima ni rahisi. Jaza upepo sawa, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya kashata za kila tairi, andika mzunguko. Tofauti isizidi milimita 6. Saizi iliyoandikwa ubavuni haitoshi: 215/60R16 mpya na 215/60R16 iliyokwisha si tairi moja. Za mtumba zinafaa, ila nunua seti ya nne zilizotoka gari moja, na uende na futi yako dukani.

Dalili ya kuchelewa ni hii: ukikata kona kali polepole, mfano unapogeuza kwenye maegesho, gari linakuwa zito na kurukaruka kama limeshikwa breki. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu fundi asiyezijua gari hizi atafungua breki, abadilishe pedi, na gari litaendelea kushika vile vile. Mwambie apime tairi kwanza, kabla hajashika spana.