Mavi ya Paka kwa Jirani: Nani Ashike Chepe?

Safari hii tumeziweka pamoja barua zinazohusu paka, kwa sababu zote zinagota palepale: mnyama akitoka nje akajisaidia kwa watu, mwenye mnyama anadaiwa nini? Wanaojibu ni daktari wa mifugo na mshauri wa bustani wa safu hii.

SWALI: Nimeshusha tripu mbili za mchanga wa plasta kando ya ukuta wangu. Jirani ana paka watatu na wote wamegeuza mchanga ule choo. Fundi amegoma kuchekecha mpaka usafishwe. Jirani anasema paka hafungwi kamba kama mbuzi, kwa hiyo hana kosa. Nani asafishe?
– Msomaji, Kigamboni

JIBU: Asafishe jirani yako, na aanze leo. Hoja yake ya mbuzi ni nusu ya ukweli. Mbuzi akila mahindi ya mtu, mwenye mbuzi hulipa kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kumfunga akaacha. Paka kweli hafungiki, lakini mwenye paka ana uwezo wa jambo jingine: kumpa choo chake. Paka hachagui jirani, anachagua udongo. Anatafuta mahali pakavu, laini, panapochimbika kwa kucha, na mchanga wa plasta una sifa zote hizo. Mtu mwenye paka watatu asiye na hata beseni moja la mchanga kwake amekwisha kuamua, kimyakimya, kwamba choo cha paka wake kiwe kwako. Hapo ndipo kosa lake lilipo.

Fundi wako naye hakugoma bure. Kinyesi cha paka mwenye minyoo ya safura hutoa mabuu ambayo, kwenye mchanga wenye joto na unyevu, huwa tayari kupenya ngozi baada ya wiki moja hivi. Anayekanyaga peku huota mstari mwekundu unaopindapinda, wenye kuwasha sana usiku, na mstari huo husogea kidogo kila siku. Ukiuona mguuni usiuchome sindano wala usipake mafuta ya taa. Kituo cha afya wanayo dawa. Zaidi ya hayo, uozo kwenye mchanga huchelewesha saruji kushika, na plasta huweza kutoa madoa au kubanduka vipande.

Sasa kazi yenyewe. Msianze na chekeche, maana kinyesi kibichi kikipita humo husagika na kuenea mchanga mzima. Vaeni viatu vya kufunika na glovu, mtafute vijilima vidogo vyenye alama za kucha zinazoelekea katikati, kwa sababu paka hufukia kwa kujivutia mchanga. Choteni kinyesi pamoja na mchanga wa sentimita 10 kila upande, mkatupe kwenye choo cha shimo au mfukie kina cha sentimita 30 au zaidi, mbali na kisima. Uliobaki utandazeni juani unene wa sentimita 5 kutwa nzima, mkiugeuza mara mbili. Ukavu na jua kali huyamaliza mabuu ya safura, ingawa mayai ya minyoo mingine ni magumu zaidi, ndiyo maana kuchota kunatangulia. Baada ya hapo fundi achekeche.

Na wewe, ndugu, mchanga ukishushwa ufunike siku ileile. Tumia turubai, si nailoni nyembamba ambayo paka huipasua, na uibane kwa matofali pembezoni bila kuacha nafasi ya kichwa kupita. Kutofunika hakumwondolei jirani deni lake, lakini kutakuletea paka wa mtaa mzima, na hao wengine hutajua umdai nani.

SWALI: Mama wa jirani analalamika kwamba paka wangu anajisaidia kwenye matuta yake ya mchicha. Nampenda paka wangu na sitaki ugomvi. Nitajuaje kama ni yeye kweli? Na mnyama aliyezoea kutoka nje anafundishikaje?
– Msomaji, Tabata

JIBU: Nenda ukaangalie kinyesi chenyewe, msichana, usikane wala usikubali ukiwa mlangoni. Cha paka huwa kigumu, kimegawanyika vipandevipande, unene wa kidole, mara nyingi kimefukiwa. Ukikuta rundo kubwa lililoachwa wazi, lenye mbegu za matunda, manyoya na magamba ya jongoo, huyo si paka, ni fungo. Fungo hurudi palepale usiku hadi usiku, na yumo kwenye viunga vya miji yetu kuliko watu wanavyodhani. Paka wengi wamepigwa mawe kwa ajili yake.

Ikiwa ni paka, tengeneza choo. Kwa wa ndani, tafuta beseni lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, yaani sentimita 60 hivi kwa paka mzima. Wengi hulaza dumu la lita 20 na kulikata ubavu. Hilo linamtosha mtoto wa paka tu, mkubwa hana pa kugeukia, atajisaidia nusu ndani nusu nje kisha ataachana nalo. Weka mchanga laini wa mtoni uliochekechwa, kina cha sentimita 5 mpaka 7. Maranda ya mbao yanafaa pia mradi mbao haikutiwa dawa ya mchwa. Pumba za mpunga ni nyepesi na hazishiki harufu, zichanganye na mchanga. Majivu usitumie peke yake. Yakilowa huchoma nyayo, na paka hujilamba nyayo.

Kwa paka wa nje, chimba kona iliyotulia ya ua wako: mita moja kwa mita moja, kina cha sentimita 30. Chini tandika kokoto sentimita 10 ili maji ya mvua yashuke, juu jaza mchanga laini, kisha ezeka kipande cha bati kwa juu. Bila bati, masika ikifika mchanga unalowa, na paka atarudi kwenye tuta la mchicha lililo kavu chini ya mwembe.

Kumfundisha ni rahisi kama hukosei mwanzo. Kachote kinyesi chake mwenyewe kule kwa jirani, kiweke kidogo kwenye choo kipya, ukiache siku mbili. Mpeleke pale baada ya kila mlo na anapoamka, umweke, uondoke. Usimshike kucha umchimbishe, anachukia na atahusisha mahali pale na kukamatwa. Chakula kiwe mbali, paka hajisaidii anapokula. Wengi huzoea ndani ya wiki mbili. Anayeacha kutumia choo ghafla ana sababu, na mara nyingi ni uchafu: chota kila siku, badili mchanga wote kila wiki. Wakiwa wawili, weka vyoo vitatu. Lakini dume anayekwenda mara kwa mara, anakaza na mkojo hautoki, huyo hana ukaidi, njia yake ya mkojo imeziba. Mwahishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kesho inaweza kuwa imechelewa.

Wakati huohuo mlipe mama yule kwa kazi, si kwa pole peke yake. Nunua waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 5, ulaze juu ya tuta mara baada ya kupanda, ubane kwa vigingi vya waya. Mchicha unapenya, paka hachimbi. Waya ukiinuliwa juu kama banda anapita chini yake, kwa hiyo ulale ardhini kabisa. Makumbi ya nazi yaliyopasuliwa, yakipangwa katikati ya mistari, yanasaidia vilevile. Amwagilie jioni, kwa sababu paka huchimba zaidi usiku na alfajiri na udongo uliolowa haumpendezi.

Hasi dume akiwa na miezi minne hadi sita. Madume wengi waliohasiwa hupunguza au huacha kabisa kurusha mkojo ukutani na kuzurura mbali. Na paka anayewinda panya apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake. Pairanteli inaondoa safura na minyoo ya mviringo, tegu wanahitaji prazikwanteli. Usimpake dawa ya kupe ya mbwa yenye pemethrini, inaua paka.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitatu na nimekuta kinyesi cha paka kwenye bustani yangu ya mboga. Je, niing'oe yote?
– Mama mtarajiwa, Morogoro

JIBU: Usiing'oe, dada, ila kazi ya kuchota apewe mtu mwingine. Hofu hapa ni toksoplazima, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Paka hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, kwa kawaida akiwa mdogo anayeanza kuwinda. Kinyesi kikiwa kibichi bado hakiambukizi. Kimelea huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Hapo utaona kwa nini tunasisitiza kuchota kila siku. Kikishakomaa hudumu kwenye udongo wenye unyevu mwaka mzima na zaidi, na jiki haikiui. Moto unakiua. Mchicha na matembele osha kwa maji yanayotiririka, pika, kula. Nyanya, karoti na majani ya kachumbari kutoka tuta lile yaache kwa sasa, au yaingie sufuriani. Ukishika udongo vaa glovu, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Mwambie mkunga wako pia. Nyama isiyoiva ni njia kubwa ya kimelea hikihiki, kwa hiyo mishikaki yenye damu katikati usiiguse.

Kinyesi hicho kisiingie kwenye lundo la mboji. Malundo mengi ya nyumbani hayapati joto la kutosha kuua kitu.

SWALI: Huwalisha paka wa barazani hapa kwetu, kama sita. Si wangu. Sasa wanajisaidia kwenye ua tunaosalia, na wenzangu wananigeuzia mimi lawama. Na paka si najisi, sivyo?
– Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Mwili wake na mate yake si najisi, ndivyo ilivyo katika hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Kinyesi na mkojo wake ni habari nyingine, hivyo ni najisi. Kiondoe kwanza kikavu, kisha mwagia maji mpaka athari, rangi na harufu viondoke. Jamvi litolewe lioshwe nje, lisisuguliwe palepale. Usitumie dawa ya kusafishia yenye feno, zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji. Ini la paka haliwezi kuivunja, naye huilamba kutoka nyayoni.

Kuhusu lawama, ndugu yetu, wenzako wana haki. Anayelisha paka kila siku ndiye anayewaweka pale. Hatusemi uache, ukiacha ghafla watatawanyika kwenye majalala wakiwa na njaa na kuendelea kuzaa. Walishe kwa saa maalumu, uondoe mabaki baada ya nusu saa. Hamishia mahali pa kulia mita moja moja kila siku hadi upande wa pili mbali na ua, na uweke huko masanduku mawili au matatu ya mchanga, uyachote mwenyewe. Kisha changisheni wafungwe kizazi, majike kwanza. Paka jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano na hubeba kwa siku 63 hivi. Sita hawatabaki sita.

SWALI: Jirani ametangaza kwamba paka yeyote atakayeingia kwake atamtegea dagaa wenye sumu. Nifanye nini?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Nenda leo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiwa na shahidi aliyesikia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Dagaa wale hawamngoji paka. Kunguru atawabeba na kuwadondosha kwenye ua wenye kuku, na mtoto anayetambaa naye ana mikono. Lakini usiende mikono mitupu. Nenda na choo cha paka ulichokwisha kutengeneza na ahadi ya kwenda kuchota kwake kila asubuhi, kwa sababu kero yake ni ya kweli hata kama dawa yake ni ovu. Sheria za afya ya jamii hutambua kero ya uchafu pia, na mwenyekiti atakuuliza wewe umefanya nini.

SWALI: Huku tulipo mwenye mbwa asiyeokota kinyesi anatozwa faini. Mbona wa paka hasemwi? Paka wangu anatoka nje na jirani Mwingereza amenijia juu.
– Msomaji, London

JIBU: Sheria za Uingereza zimewabana wenye mbwa, paka wakaachwa watembee. Hata Sheria ya Wanyama ya 1971, inayomdai mwenye mifugo iliyovuka mpaka, haimhesabu paka kuwa mfugo. Unachodaiwa England ni chipu ndogo ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi: tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa nyumbani lazima awe nayo kabla ya kutimiza wiki 20, la sivyo faini inaweza kufika pauni 500. Kwingine wamekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la mji mkuu wa Australia, paka waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 hawaruhusiwi kuzurura.

Kwa hiyo jirani hana pa kukushtaki kwa urahisi, na sisi hatuoni kuwa hilo linakuondolea deni. Weka sanduku ndani hata kama paka anatoka, mfungie usiku, na umpe jirani ruhusa ya kukugongea akikuta kitu ili wewe ndiye ukakiokote. Kifunge kwenye mifuko miwili kiende kwenye pipa la taka. Usikitie choo cha kuvuta: mchanga wa paka unaoganda huziba bomba, na mitambo ya majitaka haitegemewi kukiua kimelea kile cha toksoplazima.